Askari wa Mwili na Sumu ya Kipindupindu



Mwaka 2018 kipindupindu kiliingia katika vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa. Sisi wa huku juu Ufipa huteremka bondeni kutafuta mchele na samaki. Kwa hiyo ugonjwa wa bondeni unatuhusu sisi sote. Hebu tuujue.

Kipindupindu huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tunavimeza katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Vingi hufia tumboni, kwa sababu tumbo lina maji makali. Vinavyopona hufika kwenye utumbo mwembamba. Huko hujibandika ukutani, huzaana na kutoa sumu.

Sumu hiyo haitoboi utumbo. Huulazimisha umwage maji na chumvi ya mwili. Ndiyo maana mgonjwa huharisha maji kama yale ya kuoshea mchele. Akizidiwa, anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Asiposaidiwa, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Je, mwili hukaa tu? La! Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Wengine hukaa katika ukuta wa utumbo. Wakimtambua adui, hutengeneza kinga na kuimwaga ndani ya utumbo. Kinga hiyo huvizuia vijidudu visijibandike. Tena huikamata sumu isiguse ukuta. Mgonjwa akipona, askari hawa humkumbuka adui kwa miaka kadhaa.

Chanjo ya kipindupindu, ambayo hunywewa, huwafundisha askari hao mapema. Mwaka 2009 ilitolewa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba.

Lakini angalia hapa. Askari wa mwili ni kama mgambo wa kijiji. Filimbi ikilia, hawafiki wote mara moja. Kinga huchukua siku kadhaa kukamilika. Sumu huua kwa saa chache. Basi kazi yetu ni kumrudishia mgonjwa maji, ili awe hai mpaka askari wawe tayari.

Chukua maji safi lita 1, yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga. Sukari hufungua mlango wa kupitisha chumvi na maji kurudi mwilini. Sumu haiwezi kuufunga mlango huo. Mnyweshe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto aendelee kunyonya. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena. Mpeleke zahanati mara moja, huku akiendelea kunywa njiani.

Nyumbani tuchemshe maji ya kunywa, tutumie choo, na tunawe mikono kwa sabuni. Adui asiyeingia hahitaji kupigwa vita.

Tujadiliane:
1. Kwa nini mgonjwa asisubiri kesho?
2. Nyumbani kwako kuna sukari, chumvi na maji yaliyochemshwa?