Uzito wa Boti na Mfuko wa Mvuvi

Soko la vyombo vya uvuvi linahama kutoka mbao kwenda faiba, na Serikali ya Tanzania imeliongezea kasi kwa boti za mkopo nafuu, zikiwemo zilizokabidhiwa wavuvi Mwanza Januari 2024. Wauzaji hutaja urefu na nguvu za mashine. Uzito wa bodi hautajwi, ilhali ndio utakaolipiwa petroli kila siku.

Boti nzito hupita kwa kuyasukuma maji pembeni. Ikiwa na mita 7 kwenye usawa wa maji, mwendo wake hugota kwenye noti 6 na ushei. Ukiifungia mashine kubwa zaidi, petroli nyingi huishia kwenye mawimbi inayoyazusha yenyewe. Boti nyepesi yenye kitako bapa huinuka ikateleza juu ya maji. Ila faida hiyo huliwa na shehena: chombo chenye eneo la mita za mraba 10 kwenye usawa huo huzama sentimita 1 kwa takribani kila kilo 100. Barafu, nyavu, mapipa ya mafuta na watu sita vikishaingia, boti iliyoruka siku ya majaribio huanza kuburura maji.

Kwenye tanga hesabu ni nyingine. Wepesi mtupu hapo ni hatari, maana upepo unahitaji kitu cha kuupinga. Mashua za Lamu hutiwa farumi ya viroba vya mchanga, na upepo ukikaza mabaharia hukalia ubao uliotokezwa upande wa joshi. Uzito ukilala chini, karibu na mkuku, chombo husimama imara na hukata wimbi kinapobisha; ukikaa juu, hukipindua. Kuhamishia tanga la mashua ya mbao kwenye bodi jepesi la faiba bila farumi ni kuhatarisha roho za watu.

Hata malighafi mpya haziukwepi uzito. Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, likashushwa majini 2018, lilitumia taka za plastiki tani 10 hivi. Plastiki hupinda kirahisi kuliko mti, hivyo hudai mataruma manene, na unene ni kilo.

Taasisi zinazokopesha ziwadai watengenezaji waandike uzito wa bodi na kiwango cha shehena kwenye hati ya mauzo. Mvuvi naye, kabla ya kutia saini, aijaribu boti ikiwa imepakiwa barafu, nyavu na watu wake wote.