Kwa nini gari hunywa mafuta mengi kuliko kitabu kinavyosema

Kitabu cha gari kinasema, mathalani, kilomita 20 kwa lita. Barabarani linafika 14. Lawama humwangukia dereva, fundi au kituo cha mafuta. Lakini sehemu ya tofauti hiyo huzaliwa kwenye chumba cha vipimo, mara nyingi bila sheria yoyote kuvunjwa.

Hadi mwaka 2017, magari mapya ya Ulaya yalipimwa kwa jaribio liitwalo NEDC. Gari liliwekwa juu ya rola na kuendeshwa kama dakika 20 kwa mwendo uliopangwa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa kuwa hakuna dereva asiyeyumba, kanuni ziliruhusu mwendo upishane na uliopangwa kwa kilomita 2 kwa saa. Joto la chumba liliruhusiwa kuwa nyuzi 20 hadi 30.

Nafasi hizo ziliwekwa kwa ajili ya makosa ya bahati mbaya, ambayo huangukia pande zote na kufidiana. Ukichagua upande mmoja kila mara, hayafidiani tena. Ni sawa na muuza sukari ambaye mizani yake inavumilia gramu tano, naye akampunja kila mteja gramu hizo tano.

Joto la chumba likisogezwa karibu na nyuzi 30, oili huwa nyepesi na msuguano wa injini hupungua. Betri ikichajiwa ikajaa kabla ya jaribio, altaneta haiibii injini nguvu. Juu ya yote, kipimo rasmi kikizidi namba iliyotangazwa na kiwanda kwa asilimia isiyopita 4, iliyoandikwa ni namba ya kiwanda.

Hayo si sawa na kuchakachua. Aprili 2016, Mitsubishi Motors ya Japani ilikiri kupotosha takwimu za upinzani wa upepo na tairi kwa magari madogo yapatayo 625,000. Huo ulikuwa udanganyifu.

Taasisi ya utafiti ya ICCT ilikuta pengo kati ya maabara na barabara za Ulaya likipanda kutoka takriban asilimia 9 mwaka 2001 hadi zaidi ya 40 mwaka 2015. Jaribio jipya, WLTP, ni refu zaidi na linabana joto kwenye nyuzi 23. Hata hivyo, Tume ya Ulaya iliripoti mwaka 2024 kuwa magari ya petroli yaliyosajiliwa 2021 yalitumia takriban asilimia 24 zaidi ya namba zake rasmi.

Basi namba ya kitabu itumie kulinganisha gari na gari. Kwa bajeti yako, jaza tangi hadi pampu ikate, soma kilomita, endesha siku kadhaa, jaza tena, kisha gawanya kilomita ulizoendesha kwa lita ulizoongeza. Hicho ndicho kipimo cha gari lako.