Spika Zinapolia, Maswali Hunyamaza

Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka wa 2002 hawajausahau wimbo wa Unbwogable. Wasanii wawili, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliofahamika kama Gidi Gidi Maji Maji, walilitwaa neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha, wakalivisha viambishi vya Kiingereza, nalo likawa tamko la mtu asiyetishika. Wimbo huo haukutungwa kwa ajili ya kampeni. Hata hivyo, muungano wa NARC uliufanya kuwa wimbo wa majukwaa yake, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba Mwai Kibaki akamshinda Uhuru Kenyatta, KANU ikang'oka baada ya kutawala tangu uhuru.

Wapo wanaodai kwamba wimbo ndio ulioiangusha KANU. Mimi sikubaliani nao. Upinzani uliokuwa umegawanyika katika chaguzi za 1992 na 1997 ulikuwa sasa umeungana, Rais Moi hakuruhusiwa na katiba kuwania tena, na wananchi walikuwa wamechoka. Wimbo uliwapa kauli watu waliokwisha kuamua. Ni jambo tofauti kabisa na msanii kukodiwa ili awaamulie wasioamua.

Wala nisieleweke kwamba umaarufu hauna nguvu. Oprah Winfrey alipomuunga mkono Barack Obama, wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Garthwaite na Moore, walikadiria kwamba alimwongezea kura zipatazo milioni moja katika mchujo wa chama chake mwaka wa 2008. Lakini mwaka wa 2024 Taylor Swift, ambaye umaarufu wake hauhitaji maelezo, alimuunga mkono Kamala Harris, na Harris akashindwa. Nguvu hiyo, basi, ipo lakini haina mizani ya kuaminika.

Hapa kwetu Kaikor, mbali kaskazini mwa Lodwar, mtu mashuhuri si jambo geni. Waturkana wamekuwa na waaguzi wao, ngimurok, tangu kale. Lokerio wa karne ya 19 husimuliwa hadi leo kwamba aliyapasua maji ya ziwa ili vijana wavuke kwenda kuteka ngamia. Mwanafunzi asiyeamini hekaya hiyo (nami simlaumu) azingatie jambo moja: mwaguzi aliishi miongoni mwa watu aliowashauri. Akitabiri mvua isinyeshe, au akiwatuma vijana vitani wakarudi mikono mitupu, sifa yake ilipungua machoni pa watu wale wale. Mwimbaji wa Nairobi anayeletwa jukwaani hulala kwingine usiku huo huo. Ushauri wake ukiharibika, hasara si yake.

Kuna madhara mengine ambayo sijaona yakizungumzwa vya kutosha. Mgombea anayefika huku huwa na saa chache tu kabla ya kuelekea kituo kingine. Saa hizo zikigawanywa kati ya edonga ya kumkaribisha, ambayo ni heshima yetu na sioni ubaya wake, na nyimbo za msanii aliyeandamana naye, muda unaobaki kwa wazee kuuliza kuhusu maji, barabara na usalama wa mifugo mpakani ni mchache, au haupo. Chini ya mti wa wazee kila mtu husema kwa zamu na husikilizwa. Mbele ya spika hakuna anayemsikia mwenzake.

Msanii naye ni raia. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kama kinavyomlinda mchungaji wa mbuzi. Nawaheshimu zaidi wale wanaoweka majina yao wenyewe kwenye karatasi ya kura. Wesley Korir, mshindi wa mbio za marathoni za Boston mwaka wa 2012, alichaguliwa mbunge wa Cherangany mwaka uliofuata akiwa mgombea huru. Mwaka wa 2017 wapiga kura wakamchagua mwingine. Nchini Uganda, wanamuziki kadhaa mashuhuri walitoa wimbo wa pamoja wa kumuunga mkono Rais Museveni mwaka wa 2015. Bobi Wine alijitenga nao, akaingia bungeni mwaka wa 2017 na kuwania urais mwaka wa 2021. Umkubali usimkubali, huyo anaweza kuulizwa amefanya nini.

Baadhi ya wanafunzi wetu wa kidato cha nne watakuwa na kadi za kura katika uchaguzi wa 2027. Walimu wenzangu huhofia kwamba kuzungumza nao kuhusu haya ni kuleta siasa darasani. Mimi sitaji chama wala mgombea. Huwapa karatasi tupu, kila mmoja aandike maswali matatu ambayo angemuuliza mgombea yeyote atakayefika Kaikor, kisha tunayasoma kwa sauti na kuyachuja hadi yabaki matano. Mara ya mwisho, lililopata mikono mingi lilihusu pampu ya kisima: ikiharibika, ni nani hasa wa kuitengeneza, na kwa muda gani.