Nyangumi wa Loperot

Nilipowaaga jamaa zangu pale Kibokoni, Mombasa, kwamba nafunga safari ya Turkana kwenda kutazama mifupa, walinicheka. Mmoja akaniuliza kama makaburi ya kwetu yamekwisha. Sikuwa na jibu la maana, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshikwa na habari moja tu, nayo ni ya nyangumi. Naam, msomaji wangu, nyangumi, yule mnyama wa bahari kuu ambaye mabaharia wetu humsimulia, ati mfupa wake uliokotwa Turkana, kilomita 740 kutoka baharini!

Kutoka Kitale hadi Lodwar ni mwendo wa kilomita 300 hivi, na jinsi unavyozidi kushuka ndivyo joto linavyozidi kupanda. Lodwar ni mji wa vumbi, lakini mto Turkwel unaupitia kando, na kingo zake zimejaa mikoma ile ile tuijuayo sisi. Wazee wanaukumbuka mji huu kwa sababu wakoloni walimweka Jomo Kenyatta hapa kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kumtoa Lokitaung.

Wengi niliowatajia safari hii waliniuliza habari za dinosauri. Wapo. Mifupa yao imepatikana katika milima ya Lapurr, huko kaskazini karibu na Lokitaung. Ila dinosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na sehemu kubwa ya mifupa iliyoipa Turkana sifa duniani ni ya baadaye sana. Sikufika Lapurr. Mimi nilikodi gari kurudi kusini, upande wa Lokichar, kwenda Loperot.

Ukitarajia pango au jengo utavunjika moyo. Loperot ni ardhi kavu iliyochimbwa na mvua chache na upepo mwingi, mawe meusi juu, udongo mwepesi chini, na miiba. Kijana aliyeniongoza alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sarafu. Kila mara alisimama akanionyesha kwa fimbo kipande cha kitu nilichodhani ni jiwe: kumbe mfupa, uliokaa ardhini hata ukageuka jiwe. Nilipotaka kuokota kimoja akanizuia. "Mzee, acha hapo hapo. Sheria hairuhusu." Kweli, sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inakataza mtu kuchukua vitu hivi bila idhini. Adhuhuri ikatukuta huko. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kunywa, nikatayamamu nikasali juu ya udongo ule ule.

Mwaka 1964 ndipo Mmarekani James Mead, wakati huo akiwa mwanafunzi tu, alipoupata hapo mfupa wa kichwa wa nyangumi mwenye mdomo mrefu. Ulipelekwa Marekani. Mead akaandika habari zake mwaka 1975, kisha mfupa ukapotea, si baharini wala jangwani, bali ghalani! Bwana Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya visukuku katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aliutafuta kwa miaka 30, akauona mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaurudisha Kenya.

Na uliporudi ulikuwa na la kusema. Nyangumi huyo, mwenye urefu wa mita 7 hivi, aliishi miaka milioni 17 iliyopita. Hakuna mnyama wa namna hiyo awezaye kupanda mlima. Basi wataalamu wakakata shauri, katika makala yao ya mwaka 2015, kwamba zama hizo Loperot ilikuwa nchi tambarare, mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari, na mto mkubwa ukitoka huko kumwagika katika Bahari ya Hindi. Nyangumi aliingia mlangoni mwa mto, akapotea njia, akapanda nao hata akafa. Leo mahali pale pameinuka mita 620. Nchi ilipoinuka, mvua zilipungua na misitu ikaachia nyika. Kwa hiyo ukame ule unaowaua mbuzi wa Waturkana una nasaba ndefu, na ushahidi wake ulitoka katika bahari yetu.

Jambo lililonikaa moyoni ni hili la mifupa kuondoka. Ndugu zetu wa Lindi wanalijua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya dinosauri wa Tendaguru hadi bandarini, na leo yule mkubwa wao amesimamishwa Berlin. Turkana kuna nafuu. Kwenye mto Turkwel, nje ya Lodwar, iko Taasisi ya Bonde la Turkana iliyoanzishwa na marehemu Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook, yenye maabara na ghala, ili mfupa uweze kusafishwa na kuwekwa karibu na ulikookotwa. Lakini yule kijana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na marehemu Kamoya Kimeu mwaka 1984, mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu na zaidi, makao yake ni Nairobi. Sipingi, mifupa yataka ulinzi. Ila nakala za plasta hazina gharama ya kutisha, na sioni kwa nini mtoto wa Lodwar asizione shuleni kwake.

Kutoka Lodwar nilipanda gari hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, kumzuru jamaa yangu mwenye duka. Wageni huandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Mimi nimezaliwa ndani ya Kiswahili na sijapata kulisikia. Kambi ya wakimbizi iko hapo tangu mwaka 1992, na misikiti ipo. Baada ya alasiri tulikaa kibarazani na mzee mmoja wa Barawa, mvuvi wa zamani, aliyepitia kambi za Mombasa kabla ya kuletwa huku. Kiswahili chake cha Kibarawa kilinichukua muda kukizoea. Nikamsimulia habari za nyangumi.

"Alitoka bahari hii yetu?" akauliza.

"Hii hii, ami."

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi si mimi wa kwanza."

Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa pale kambini na asiyepata kuiona bahari, hakucheka. Akataka kujua mfupa wenyewe uko wapi, auone. Nikamwambia umerudishwa Nairobi. Akauliza nauli, akauliza kiingilio cha makumbusho, akaanza kuhesabu kwa vidole. Babu yake akamkumbusha kwamba kabla ya nauli kuna kibali cha kutoka kambini, na hicho hakiuzwi dukani kwa jamaa yangu.