Mwanao anataka helikopta? Uliza kwanza kuhusu betri

Watoto wa milimani hujitengenezea vyao. Mlola, wilayani Lushoto, gari la mbao linaloshuka na mteremko si habari. Helikopta ni kazi nyingine. Mtoto ataichonga, atachomoa mota kwenye redio mbovu, atafunga panga la plastiki juu. Litazunguka vizuri kama panga boi, lakini halitaruka.

Kinachosumbua ni kwamba panga la juu likizunguka upande mmoja, bodi nayo hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo kazi ya lile panga dogo la mkiani. Kuvisawazisha vyote kwa rimoti kuliwashinda mafundi wengi hadi Mjerumani Dieter Schlüter alipofanikiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1970 helikopta yake ya mfano iliruka kilomita 11.5.

Mtoto anayehangaika na hesabu hizo asikatazwe. Ila mzazi asidanganywe na neno "kuchezea". Ile ndogo ya plastiki anayoleta mjomba kutoka Dar haina neno sana, lakini kubwa za mafundi, panga lake huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Septemba 2013, kijana wa miaka 19 alifariki New York baada ya kupigwa na panga la helikopta yake mwenyewe. Kubwa ya namna hiyo, hasa yenye kamera, isirushwe kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Hatari iliyo karibu zaidi na nyumba nyingi ni betri. Za lithiamu zinazoendesha mota huchajiwa kwa chaja yake, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia. Iliyovimba haichajiwi tena wala haitobolewi.

Halafu kuna betri bapa kama kitufe, zinazokaa kwenye baadhi ya rimoti na vitu vya kuchezea. Kaka anafungua kifuniko ili aone ndani, mdogo wake anaokota. Ikinasa kwenye koo la chakula, huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, na mtoto huenda asionyeshe zaidi ya kutokwa mate au kukataa kula.

Usimtapishe. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita. Asali haitibu, inapunguza kuungua tu, kwa hiyo apewe mkiwa njiani kwenda hospitali yenye eksirei. Kwa anayeishi Mlola, hiyo ni safari ya milimani, na kusubiri kukuche ni kuchelewa. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu, au kwa selotepu imara kama skrubu imepotea.

Na siku ya kurusha? Anayejifunza hufunga chini ya helikopta fimbo mbili zilizopishana, zenye mipira midogo nchani, ili isipinduke. Mwanzoni haipandi zaidi ya goti, mkia ukimwelekea anayeirusha. Mlola, saa yake ni asubuhi, upepo haujaanza kupanda bondeni, kwenye uwanja usio na watoto wengine wala ng'ombe.