Umeme haujakatika, mbona mota inachemka? Hamoniki zinavyochafua umeme

Umeme wa gridi unaofika Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ni wimbi linalopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ukilichora linatakiwa liwe laini. Shida ni kwamba vifaa vingi vya siku hizi havivuti umeme kwa ulaini huo. Vinaudokoa.

Chaja ya simu, taa ya LED, kidhibiti kasi cha mota: vyote vinaanza kwa kugeuza umeme kuwa wa DC. Kazi hiyo hufanywa na diodi, ambazo nyingi huvuta umeme kwa mkupuo wimbi linapokaribia kilele, halafu zinafunga. Mikupuo hiyo huzaa mawimbi mengine yenye kasi mara 3, 5, 7 au 11 ya lile la kwanza. Hayo ndiyo hamoniki. Ya 5, kwa mfano, inatembea kwa Hz 250.

Chaja moja haina neno. Ila ukanda wetu una mizigo mizito. Plenti za elusheni, zinazotoa dhahabu kwenye kaboni, hutumia DC kuinasa. Pampu na feni za migodini nazo mara nyingi zinaendeshwa kwa vidhibiti kasi. Na hapahapa Kishapu, kijiji cha Ngunga, kuna mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 (awamu ya kwanza 50), na umeme wa jua hauingii gridi bila inveta. Inveta nzuri huja na vichujio vyake, tuwe wakweli.

Uchafu ukizidi, transfoma inachemka hata kama haijazidiwa mzigo. Hamoniki ya 5 inaisukuma mota kuelekea kinyume, nayo inapata joto bure. Ya 3 ndiyo ya hatari zaidi kwa majengo: ikitoka fezi zote tatu haifutani, inajumlishana kwenye nyutro. Ndiyo maana unaweza kukuta nyutro imeungua wakati fezi ziko salama. Stebilaiza hapo haisaidii, maana inarekebisha kiwango cha volti, si umbo la wimbi.

Sasa kuna kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya. Mwenye plenti anaambiwa afunge kapasita ili asilipie umeme usiofanya kazi. Ushauri ni sahihi, lakini kapasita na transfoma zikikaa pamoja zina mlio wao, kama ngoma. Chukua transfoma ya kVA 500 yenye impedansi ya asilimia 5, uifungie kapasita za kVAr 200. Hesabu inaonyesha zitaitikia kwenye Hz 350 hivi, yaani hamoniki ya 7 kabisa! Kama hamoniki hiyo ipo kwenye laini, inakuzwa badala ya kupungua, na kapasita zinaweza kuvimba au kupasuka.

Dawa inatoka kwenye elektroniki hizohizo. Kichujio hai ni aina ya inveta: kinapima mkondo, kinatambua uchafu, kisha kinaingiza mkondo wa kinyume chake ili viwili hivyo vifutane. Hesabu zinazotumika sana humo ziliwekwa na Hirofumi Akagi na wenzake huko Japani mwaka 1983. Kinafanya kazi vizuri hata mzigo ukibadilika kila dakika, ila bei yake si ya mchezo.

Kwa mfuko mdogo, anza na koili ya kutangulia kidhibiti kasi. Inapunguza ile mikupuo. Plenti kubwa inaweza kutumia mitambo miwili ya DC kwenye transfoma inayotofautisha mawimbi kwa nyuzi 30, na hamoniki za 5 na 7 zikafutana zenyewe.

Kipimo cha kimataifa, IEEE 519, kinataka uchafu wa volti usizidi asilimia 8 kwenye laini ndogo za hadi kilovolti 1, na asilimia 5 kwenye zile za kati kama kilovolti 33.

Kabla ya kununua chochote, fundi apime wakati mashine zote zinafanya kazi. Tena aje na mita inayosoma wimbi lilivyo kweli. Klampu mita za bei rahisi zimetengenezwa kwa wimbi laini, kwa hiyo zinaweza kukuonyesha amperi chache kwenye nyutro inayoungua.