Vivuli Havivutani: Ufafanuzi wa Kuungana kwa Kingo Zilizofifia

IKISIRI

Vivuli viwili vinapokaribiana, mara nyingi kimoja hutokeza uvimbe na kukigusa kingine kabla vitu vyenyewe havijagusana. Makala hii inafafanua chanzo cha jambo hilo. Hoja ya msingi ni kwamba vivuli havitendi lolote. Kinachobadilika ni kiasi cha chanzo cha mwanga kinachoweza kuonekana kutoka kila nukta ya sehemu inayoangukiwa na kivuli. Aidha, makala inaonyesha jinsi kosa la aina hiyohiyo lilivyowatatiza wanaastronomia wa karne ya 18, na inapendekeza istilahi ambazo zinaweza kuizuia lugha isilirudie kosa hilo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetembea uani alasiri, kivuli cha kichwa chake kikielekea kivuli cha paa la nyumba, anaweza kuona jambo la kushangaza. Vivuli viwili vikiwa bado vimeachana kwa upana wa kidole, kivuli cha kichwa hutoa kinundu kidogo kinachokirukia kivuli cha paa. Mtu akirudi nyuma hatua moja, kinundu hurudi ndani. Hakuna aliyekigusa kichwa wala paa.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba vivuli "vinavutana". Maelezo haya yana asili yake katika sarufi. Katika Kiswahili kivuli ni kiima cha vitenzi vingi vya utendaji: kivuli huanguka, husogea, hurefuka, humfuata mtu. Neno lenyewe hutumika pia kwa maana ya mzimu. Kwa hiyo msemaji yuko tayari, kabla hajaanza kufikiri, kukipa kivuli uwezo wa kutenda. Lakini kivuli ni upungufu wa mwanga tu, na upungufu hauwezi kuvuta chochote. Swali sahihi basi si "vivuli vinafanya nini?" bali "ni mwanga gani haukufika, na ni kitu gani kiliuzuia?"

2.0 Kivuli Kamili na Utusitusi

Laiti Jua lingekuwa nukta, kila kivuli kingekuwa na ukingo mkali kama wa karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Jua si nukta. Kipenyo chake ni takriban kilomita 1,392,000, na umbali wake kutoka duniani ni takriban kilomita milioni 150. Maana yake ni kwamba, likitazamwa kutoka hapa, Jua ni duara lenye upana wa takriban nusu digrii. Kwa hesabu nyingine, upana wake ni kama sehemu 1 kwa 107 ya umbali wake.

Kutokana na hali hiyo, kila kivuli kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo duara lote la Jua limezibwa. Makala hii inaiita kivuli kamili. Ya pili ni ukanda unaoizunguka, ambapo Jua limezibwa nusunusu. Hapa unaitwa utusitusi. Kiswahili tayari kinalo neno hilo kwa maana ya giza hafifu, na linafaa kuliko "ukungu", ambalo lingemfanya msomaji afikiri juu ya mvuke.

Upana wa utusitusi hutegemea umbali kati ya kitu na ubao unaopokea kivuli. Kadi iliyoshikwa sentimita 20 mbele ya ubao unaolielekea Jua hutoa utusitusi wenye upana wa milimita 2 hivi. Kadi hiyohiyo ikisogezwa hadi mita 2, utusitusi hufikia kama milimita 19. Hii ndiyo sababu kivuli cha mguu chini ya unyayo ni chenye ukingo mkali, ilhali kivuli cha tawi la mnazi mrefu hakina mpaka unaoweza kuonyeshwa kwa kidole.

3.0 Chanzo cha Uvimbe

Chukua kadi mbili zinazokabiliana mbele ya ubao huo: ya kwanza iko mbali na ubao, mita 2, na inaingia kutoka kushoto, ya pili iko karibu, sentimita 20, na inaingia kutoka kulia. Sasa mtazamaji ajiweke, kwa fikira, mahali pa nukta moja kwenye ubao na kulitazama Jua kutoka hapo. (Kwa macho halisi jambo hili halifai kujaribiwa kamwe, kwa kuwa Jua hudhuru macho.)

Kadi ya kwanza inaziba sehemu ya kushoto ya duara la Jua. Ikiwa imeziba asilimia 60, nukta hiyo bado inapata asilimia 40 ya mwanga, na mwanga huo wote unatoka upande wa kulia wa duara. Kadi ya pili inaziba kutoka kulia. Ikiwa peke yake ingeziba asilimia 40, nukta ingebaki na asilimia 60. Zikiwa pamoja, kila moja huziba kile ambacho nyingine ilikiacha. Asilimia 60 na asilimia 40 hufanya 100, na nukta ambayo isingekuwa ndani ya kivuli kamili cha kadi yoyote kati ya hizo mbili inajikuta gizani kabisa. Nukta kama hizo, zikikusanyika, ndizo zinazoonekana kama kinundu.

Inabaki kueleza kwa nini kivuli kimoja tu ndicho huvimba. Giza la ziada linaweza kutokea tu pale ambapo tusitusi za kadi zote mbili zimepishana. Kadi iliyo karibu na ubao ina utusitusi mwembamba, wa milimita 2, ulioshikamana na kivuli chake kamili. Kadi ya mbali ina utusitusi mpana, wa milimita 19. Kwa hiyo eneo la mpishano haliwezi kuuzidi ule ukanda mwembamba, na ukanda huo uko ubavuni mwa kivuli cha kadi ya karibu. Ukanda huo ukigeuka kuwa giza kamili, jicho huuhesabu kuwa ni sehemu ya kivuli hicho. Kanuni inayopatikana ni hii: kinachovimba ni kivuli cha kitu kilicho karibu zaidi na sehemu inayopokea kivuli, nacho huvimba kuelekea kivuli cha kitu kilicho mbali. Ndiyo maana kule uani ni kichwa kilichotoa kinundu, wala si paa.

Maelezo haya yanaweza kupimwa kwa njia mbili. Kwanza, yakiwa sahihi, uvimbe unapaswa kupungua chanzo cha mwanga kinapokuwa kidogo. Na kweli, mbele ya taa ndogo sana iliyo mbali, tusitusi hukaribia kutoweka na uvimbe hutoweka pamoja nazo. Pili, kadi zote mbili zikiingia kutoka upande mmoja, uvimbe wa namna hii hautokei, kwa sababu zinaziba sehemu ileile ya Jua na hakuna cha kujumlisha. Kama vivuli vingekuwa vinavutana, ukubwa wa taa na upande wa kuingilia visingekuwa na maana yoyote.

4.0 Vitu Vilivyo katika Umbali Mmoja

Hali ni tofauti kidogo iwapo vitu vyote viwili viko katika umbali mmoja, kama vidole viwili vya mkono mmoja. Hapo giza kamili halitokei mpaka vidole vigusane, kwa sababu ufa uliobaki kati yao huendelea kupitisha mwanga. Hata hivyo, mwanga huo hutandazwa. Vidole vikiwa mita 1 kutoka ubaoni, na ufa ukiwa wa milimita 3, hakuna mahali ndani ya ufa wa vivuli panapopata hata nusu ya mwanga kamili wa Jua. Jicho halipimi mwanga kama mizani. Hutafuta mpaka, na huuweka pale tofauti inapokuwa kubwa; Ernst Mach alionyesha mwaka 1865 jinsi jicho linavyozidisha tofauti penye kingo za namna hii. Ufa uliofifia hivyo huhesabiwa kuwa giza, na vivuli huonekana vimeungana.

Jambo hilohilo huonekana bila kivuli chochote. Mtu akiweka kidole gumba na cha shahada karibu sana na jicho moja, mbele ya ukuta mweupe, ataona daraja jeusi likijengeka kati yao kabla havijagusana. Hapa mboni ya jicho imechukua nafasi ya Jua: kwa kuwa ina upana wa milimita kadhaa, na vidole viko karibu mno kuonekana barabara, kila ukingo una utusitusi wake ndani ya jicho.

5.0 Tone Jeusi la Zuhura

Kosa la kudhani kwamba ukingo unaoonekana ndio ukingo halisi liliwahi kuwa na gharama. Mwaka 1716 Edmond Halley alipendekeza kwamba umbali wa Jua upimwe kwa kurekodi, kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakati hasa ambapo sayari ya Zuhura inapita mbele ya Jua. Kila kitu kilitegemea kuijua sekunde ambayo ukingo wa Zuhura unaugusa ukingo wa Jua kwa ndani.

Mwaka 1761, na tena 1769, watazamaji wengi waliona kitu wasichokitarajia. Badala ya kuachana na ukingo kwa ghafla, Zuhura ilibaki imeshikamana nao kwa kishingo cheusi, mfano wa tone lisilotaka kudondoka. Huko Tahiti, Juni 3, 1769, James Cook na wenzake, wakiwa mahali pamoja, walitofautiana katika nyakati walizoandika kuliko ilivyotarajiwa. Matokeo ya mwaka 1761 yaliiweka pembe inayotumika kukokotoa umbali wa Jua kati ya sekunde 8.3 na 10.6 za digrii. Leo inajulikana kuwa 8.79.

Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa angahewa ya Zuhura. Lakini mnamo Novemba 1999 setilaiti ya Marekani iitwayo TRACE, ikiwa nje ya angahewa ya dunia, ilipiga picha za Utaridi ikipita mbele ya Jua. Utaridi haina angahewa ya kutajika, na bado Glenn Schneider, Jay Pasachoff na Leon Golub walilikuta tone jeusi katika picha hizo. Chanzo kilikuwa ni ufifizaji wa kingo unaoletwa na darubini yenyewe, pamoja na kupungua kwa mng'aro wa Jua karibu na ukingo wake. Uzi mwembamba wa mwanga uliokuwa kati ya giza mbili ulitandazwa mpaka ukahesabiwa kuwa giza, kama ule ufa kati ya vidole.

Zuhura ilipita tena Juni 8, 2004, na Afrika Mashariki iliweza kuushuhudia mpito wote. Ule wa Juni 6, 2012 ulionekana huku mwishoni mwake tu, Jua lilipochomoza. Mwingine ni wa mwaka 2117.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uvimbe wa vivuli, daraja la vidole na tone la Zuhura vina msingi mmoja: kingo zilizofifia hupishana, na jicho au chombo huchora mpaka pasipo na mpaka. Kwa mwalimu na mwandishi wa Kiswahili, funzo ni kwamba tofauti kati ya kivuli kamili na utusitusi haina budi kutajwa kabla ya kitenzi kuchaguliwa. Pasipo majina hayo, lugha hubaki na "kivuli" kimoja ambacho lazima kitende kitu, na mwanafunzi huondoka darasani akiamini kwamba giza lina mikono. Majina hayo yakiwapo, sentensi hubadilika yenyewe: vivuli havikuvutana, bali mwanga uliokuwa umebaki kati yao ulizibwa kutoka pande mbili.